Mia nne ya kwao ni mia mbili ya kwetu: jibu kwa msomaji wa Buswelu

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Buswelu hapa Mwanza. Mume wangu ameniletea eafraya, ile mashine ya kukaangia kwa hewa, ya lita 4, imeandikwa 1500W, na kipimo chake cha joto kinaishia 200. Mapishi ninayoyaona mtandaoni yanasema weka 400, mara vikombe viwili, mara aunsi nane. Kwa kuwa yangu inaishia 200, ambayo ni nusu, niliweka mwisho nikazidisha muda mara mbili. Sato alitoka mkavu kama ubao, ngozi ikabaki kwenye kikapu. Chipsi nilijaza kikapu mpaka juu ili zitutoshe watu watano. Za juu ziliungua, za katikati zikabaki mbichi. Je, mashine ni mbovu? Na je, haitamaliza umeme wa LUKU? Naomba kuelekezwa kuanzia mwanzo, kwa gramu na lita zetu.

Jibu: Marahaba, mama. Mashine yako ni nzima. Kilichokuponza ni herufi moja ndogo, ile F inayokaa baada ya 400.

Mapishi mengi ya mtandaoni yanatoka Marekani, na huko joto la jikoni hupimwa kwa Farenhaiti. Sisi tunatumia Selsiasi. Mia nne ya kwao ni 204 ya kwetu, yaani pale pale mwisho wa kipimo chako. Kwa hiyo joto uliliweka sawa bila kujua. Kosa lilikuwa ni kuzidisha muda. Samaki wa dakika 16 amepigwa na upepo wa nyuzi 200 kwa dakika 32, angebaki na maji gani?

Hesabu ya kubadili ni hii: toa 32, kisha gawanya kwa 1.8. Lakini jikoni nani anafanya hesabu akiwa na mikono ya samaki? Andika namba nne kwenye karatasi, bandika ndani ya mlango wa kabati: 325 ni 160, 350 ni 180, 375 ni 190, 400 ni 200. Nimezikadiria kidogo, haidhuru. Na ukikuta pishi lililoandikwa kwa ajili ya oveni ya kawaida, punguza nyuzi 20 na uanze kuchungulia chakula mapema, ikibaki kama robo ya muda.

Vikombe ni mtego wa pili. Kikombe cha Kimarekani ni kipimo maalumu, mililita 240 hivi, si kikombe chochote cha chai. Cha nyumbani kwako huenda kinabeba 200, huenda 300. Tena kikombe kinapima nafasi, hakipimi uzito: hicho cha mililita 240 kikijaa maji ni gramu 240, kikijaa sukari ni gramu 200, kikijaa unga wa ngano ni gramu 120 hivi. Aunsi ni gramu 28, ratili yao ni gramu 454, inchi ni sentimita 2.5. Na tusiwacheke sana, maana sisi wenyewe viazi tunanunua kwa fungu na kwa sado, na fungu la asubuhi sokoni si fungu la jioni.

Kwa hiyo kabla hujanunua kitu kingine chochote, tafuta mzani mdogo wa jikoni, ule wa betri unaosoma gramu moja moja hadi kilo 5. Rula ichukue kwenye mkoba wa mtoto. Kwa upande wa vijiko, ingia duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe. Vuta mililita 5 za maji, mimina kwenye kijiko chako cha chai uone kama kinajaa. Kisha mililita 15 kwenye kijiko cha chakula. Mimi nilipopima vya kwangu nilikuta kijiko cha chakula kinabeba 11. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaandikia wanafunzi “kijiko kimoja” nikijua ni 15.

Sasa tuje kwenye jina, maana nalo linapoteza watu. Tunaiita mashine ya kukaangia kwa hewa, lakini haikaangi. Kukaanga ni kuzamisha chakula kwenye mafuta ya moto. Hii ni oveni ndogo yenye feni: juu kuna koili inayowaka, na feni inaisukuma hewa ya moto kwa nguvu, inapita kwenye matundu ya kikapu na kuzunguka tena. Upepo huo unaukausha uso wa chakula. Palipo na maji, joto la uso haliwezi kupanda zaidi ya la maji yanayochemka. Pakishakauka ndipo linapopanda, na likivuka nyuzi 140 hivi ile rangi ya kahawia na harufu ya kuchomwa vinaanza kuja. Hivyo chakula chenye maji usoni hakibadiliki rangi, kinachemka tu. Na chakula kilichorundikwa hakipati hewa, kinapikwa kwa mvuke wa wenzake. Ndicho kilichozikuta chipsi zako za katikati.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine ni kwamba mashine haijui “sato mmoja” wala “fungu moja”. Inajua unene. Sato wa gramu 300 na sato wa gramu 600 ni samaki wawili tofauti kabisa kwake, na video inayosema “dakika 20 kwa samaki” haijakwambia kitu. Pima kwa rula pale penye mnofu mnene zaidi, ndipo useme dakika ngapi.

Kabla ya chakula cha kwanza, kama hukufanya hivyo, iwashe tupu nyuzi 200 kwa dakika 15, madirisha yakiwa wazi, harufu ya kiwandani iondoke. Iwe mbali na ukuta sentimita 15, kwa sababu hewa ya moto inatokea mgongoni.

Tuanze na sato. Chagua wa gramu 500 hivi, iwe Mwaloni Kirumba au kwa muuzaji wako wa mtaani, kijana wa kupaa amalizie magamba na matumbo, kisha mpime upya nyumbani. Atabaki na gramu 400 na kitu. Hapa utakutana na jambo ambalo video hazilisemi: sato wa uzito huo anakaribia sentimita 30 kwa urefu, na kikapu cha lita 4 mara nyingi kina upana wa sentimita 20. Usimkunje wala kumsimamisha mkia ukigusa koili. Mkate vipande viwili kwa mshazari, kichwa huku, mkia kule. Najua kwa wageni tunapenda sato mzima sahanini. Ukivipanga vizuri na kachumbari juu ya mkato, hakuna atakayeuliza.

Mchanje mara tatu kila upande, kina cha sentimita 1. Chumvi gramu 5, ambayo ni kijiko cha chai kisichojaa, nusu limao, punje 2 za kitunguu saumu zilizotwangwa, tangawizi ukipenda. Mwache dakika 20. Kisha chukua kitambaa safi umkaushe, ndani ya tumbo na ndani ya michanjo, kwa sababu chumvi na limao vimemtoa maji. Hatua hii wengi wanairuka wakiogopa kufuta viungo. Futa, ladha imeshaingia, na unachokifuta ni maji yatakayokunyima ngozi kavu. Baada ya hapo mpake mafuta mililita 10. Ya pamba au ya alizeti, yote sawa. Yale ya kopo la kupuliza yaache, mengi yamechanganywa vitu vinavyoganda kwenye utando wa kikapu na kuuharibu.

Pasha mashine tupu kwa nyuzi 200, dakika 4. Vuta kikapu, kipake mafuta kwa brashi, ndipo umlaze samaki. Ngozi yako ilibaki kikapuni kwa sababu mbili: samaki alikuwa na maji, na kama hukupasha kikapu, alilazwa kwenye chuma cha baridi. Akikuta chuma cha moto chenye mafuta, ngozi inakaza haraka na kujiachia yenyewe. Kama pale penye mnofu mwingi ni sentimita 3, weka nyuzi 190, dakika 9 upande wa kwanza, mgeuze kwa mwiko mpana, kisha dakika 6 au 7 upande wa pili. Ukijaribu kumgeuza akagoma, usimlazimishe. Mrudishe dakika 1 na atakuachia. Akiwa na unene wa sentimita 2 tu, punguza dakika 4 kwa jumla. Akizidi sentimita 4, shusha joto hadi 180 na uongeze dakika 5, vinginevyo atababuka nje kabla joto halijafika mfupani.

Kujua kama ameiva, fungua mchanjo wa kati kwa uma mpaka kwenye mfupa. Nyama ikiwa nyeupe yote na inaachana na mfupa, mtoe saa hiyo hiyo. Ikiwa bado inang'aa kama kioo, dakika 2. Mwenye kipimajoto cha chakula atafute nyuzi 63 kwa samaki na 74 kwa kuku. Na kwa vile nimekitaja, kuna kitu cha kwetu hapa: watu husoma kwamba kipimajoto kizima kikiwekwa kwenye maji yanayochemka lazima kisome 100. Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kikisoma 96, usikirudishe dukani ukagombana na mtu, ni kizima.

Minofu ya sangara ni rahisi zaidi, na kwa anayeanza ningemwambia aanzie hapo hata kabla ya sato. Unene wa sentimita 2.5, nyuzi 200, dakika 10 hadi 12, bila kugeuza. Sangara mkubwa ana mafuta yake, kwa hiyo mililita 5 za kumpaka zinatosha. Yakidondoka chini yanaweza kutoa moshi. Kama kitabu cha mashine yako hakikatazi, weka maji mililita 30 kwenye droo chini ya kikapu.

Chipsi. Kwa lita 4, mwisho ni gramu 500 za viazi vilivyomenywa kwa mkupuo mmoja, na utaona ni kidogo mpaka uone huruma. Vumilia. Kata kwa unene wa sentimita 1, vyote sawa. Kimoja kikiwa sentimita 2 na kingine nusu sentimita, hakuna muda utakaovifaa vyote. Loweka kwenye maji baridi nusu saa, wanga wa juu utoke, maana wanga huo ndio unaovifanya vigandane na kuwahi kubabuka. Vimwage, vikaushe kwa taulo ya jikoni, vichanganye na mafuta mililita 15 kwenye bakuli kwa mkono. Nyuzi 180 kwa dakika 12, ukitikisa kikapu kila baada ya dakika 5, ili viive ndani. Kisha nyuzi 200 kwa dakika 6 hadi 8 ili vikauke nje. Chumvi weka mwishoni. Vitoe vikiwa na rangi ya dhahabu, usingoje wekundu wa chipsi za barabarani, kwani kiazi kikizidi kuungua ni kichungu na si kizuri kwa afya. Viazi vitamu havihitaji kulowekwa kwa muda mrefu, ila vina sukari na huungua haraka: vya unene huo huo, nyuzi 180 moja kwa moja, dakika 14 hivi. Ndizi mbivu za mzuzu, vipande vya sentimita 1.5, nyuzi 180, dakika 10.

Kuku inategemea ni yupi. Mapaja ya kuku wa kisasa, kipande cha gramu 120 hivi, nyuzi 190, dakika 22 hadi 25, geuza katikati. Kuku wa kienyeji usimpeleke mle akiwa mbichi, atakuwa raba. Mchemshe kwanza na tangawizi na chumvi mpaka alainike, hata kama ni saa nzima, mchuje, mkaushe, mpake mafuta, kisha nyuzi 200 dakika 10. Supu imebaki, na kuku anaonekana kama ametoka jikoni la mkaa. Kwa kweli hiyo ndiyo kazi ambayo mashine hii inanifurahisha kuliko zote.

Bagia za unga mwepesi usijaribu, zitachuruzika kwenye matundu kabla hazijashika. Maandazi yataiva, lakini yatakuwa mikate midogo mikavu, na watoto watakuambia ukweli. Chipsi zege, karai lako bado lina kazi.

Dagaa wana kisa chao. Mara ya kwanza nilimwaga gramu 100 za dagaa wakavu kikapuni, nikawasha nyuzi 180, nikaenda kuosha vyombo. Haikupita dakika mbili nikasikia kama mawe madogo yanapigwa kwenye bati. Dagaa mkavu hana uzito wowote. Feni iliwanyanyua wote, wakawa wanazunguka mle kama vumbi la kiangazi, na kadhaa wakanasa kwenye koili na kuanza kuungua. Harufu ilikaa jikoni siku mbili. Tangu hapo nawaosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, ambayo ni lazima hata hivyo kwa wale walioanikwa mchangani, nawakamua, nawachanganya na mafuta mililita 10 na chumvi kidogo, halafu nawatandaza na kuwafunika kwa kichujio cha chuma kilichoinamishwa. Nyuzi 160, dakika 8, tikisa, dakika 4 nyingine. Wanakuwa wakavu wa kutafuna kama karanga. Karatasi ya kuokea nayo ina tabia hiyo hiyo ya kuruka: usiiweke kamwe mashine ikiwa inapashwa tupu, weka tu pale chakula kinapoikalia.

Kuosha: ngoja ipoe, maji ya uvuguvugu, sabuni, sifongo laini. Waya wa kusugulia masufuria usiguse kikapu hicho. Harufu ya samaki ikibaki, weka vipande vya limao kwenye maji ndani ya droo na uiache usiku.

Kuhusu LUKU: 1500W ikiwaka saa nzima bila kukatika inakula uniti 1.5. Dakika 20 ni nusu uniti, na kwa kawaida ni pungufu, kwa sababu joto likifika koili hujizima na kuwaka tena. Sato mmoja, pamoja na kupasha, ni kama nusu uniti. Ukiitumia saa nzima kila siku, kwa mwezi ni uniti 45. Kama uko kwenye ile tarifu ya matumizi madogo, inayokomea uniti 75 kwa mwezi, na una friji, hapo hesabu kabla hujazoea. Kingine ni soketi. Mashine hii inavuta ampea 6.5 hivi, kwa hiyo ichomeke ukutani. Zile ekstensheni nyembamba zenye simu nne na redio zinapata moto. Ukigusa waya ukasikia joto, chomoa.

Limebaki lile la watu watano. Sato wawili ni mikupuo miwili ya dakika 16, kilo 1 ya viazi ni mikupuo miwili ya dakika 12 kwa nyuzi 180. Ukitaka vyote, anza na chipsi zile dakika 12 za kwanza, mkupuo kwa mkupuo, ziweke pembeni zikiwa hazijabadilika rangi. Ingiza sato wa kwanza, kisha wa pili. Samaki akishatoka, rudisha chipsi zote kwa pamoja, zitakuwa zimenywea, nyuzi 200 dakika 8, ukitikisa mara mbili. Sato aliyetangulia usimfungie kwenye hotipoti, mvuke utamlainisha ngozi. Mwache sahanini, na mwishoni mrudishe dakika 2 apate moto. Jumla ni kama saa moja na dakika 10, na uniti 1.75 kwa juu kabisa.

Ungekuwa jirani yangu ningekuambia usihangaike hivyo siku ya wiki. Pika sato wawili tu mle, na wakati wa pili yuko ndani, songa ugali. Chipsi ziwe za Jumamosi, gramu 500, za watoto peke yao. Na ukiniandikia tena kwamba samaki amegoma, niambie uzito wake baada ya kupaliwa na unene wake kwa sentimita, nitakutajia dakika.